Somo la Tisa: Kuionja Kahawa Tuliyoilima Wenyewe

  Katika somo lililopita tulijifunza namna ya kuanika kahawa juu ya vichanja na namna ya kuihifadhi. Leo tutafanya jambo ambalo wengi wetu hatujalizoea, ingawa mibuni imo katika mashamba yetu tangu siku za babu zetu. Leo tutaionja kahawa yenyewe.

Kiongozi wa kila kikundi ahakikishe kwamba vifaa hivi viko tayari: kilo moja ya punje za kahawa zilizokobolewa na ambazo hazijakaangwa, jiko la mkaa, kikaango kizito, mwiko, ungo, kinu na mchi, birika la maji, kitambaa cheupe cha pamba, sufuria ndogo, vikombe tisa vinavyolingana, kijiko kimoja kikubwa kwa kila mtu, na bakuli la kutemea. Wale wasio na vifaa leo wasihuzunike. Wasikilize kwanza, na kazi wataifanya siku watakayovipata.

KWA NINI TUONJE?

Kahawa si mgeni katika milima ya Usambara. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walifyeka misitu ya Usambara Mashariki wakapanda mashamba makubwa ya kahawa. Mashamba yale hayakudumu, kwani udongo ulipungua rutuba upesi baada ya msitu kuondolewa. Kahawa tunayoiona leo katika wilaya ya Lushoto, mathalani upande wa Bumbuli na Mlalo, imo zaidi mikononi mwa wakulima wadogo, katikati ya migomba na maharage. Lakini tangu siku zile mpaka leo desturi moja haikubadilika sana: sisi hulima, na wengine huonja.

Fikirini wenyewe. Asubuhi, katika nyumba nyingi za huku kwetu, kinachochemka jikoni ni chai. Kahawa huwekwa katika gunia, ikateremshwa mpaka Mombo, ikaenda zake kukobolewa. Kisha sampuli yake hufika kwa waonjaji. Huko Moshi, yaliko makao ya Bodi ya Kahawa Tanzania, wako watu waliofundishwa kazi hiyo. Huikaanga sampuli kidogo, huisaga, huimwagia maji ya moto, huivuta mdomoni kwa kijiko, huitema, halafu huandika walichokipata. Maandishi hayo ndiyo humwongoza mnunuzi katika kutoa bei.

Kweli punje hupangwa pia kwa ukubwa. Mmepata kusikia madaraja ya AA, A, B na C, na PB ambayo ni zile punje za duara, zinazokuwa moja tu ndani ya tunda. Lakini ukubwa si ladha. Punje ya AA iliyovunda ni punje kubwa iliyovunda, basi. Chekeche haliwezi kuona kosa hilo, bali ulimi huligundua mara moja.

Sasa, mkulima ambaye hajaionja kahawa yake hujibu nini akiambiwa kwamba kahawa yake ni mbaya? Hana la kujibu. Hawezi kukubali kwa sababu, wala hawezi kukataa kwa sababu. Tena hajui arekebishe nini msimu ujao. Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, na kibaya chajitembeza. Lakini mwenye mali asiyejua kama chake ni kizuri au kibaya, atauza vyote viwili kwa bei moja, nayo itakuwa ile ya chini.

MANENO YA KUONJEA

Kabla ya kuwasha moto, tuelewane juu ya maneno. Katika Kiswahili neno "kali" hufanya kazi nyingi. Pilipili ni kali, siki ni kali, dawa ni kali. Basi mtu akisema, "Kahawa hii ni kali," hatujui ana maana gani. Katika somo hili tutatenganisha mambo matano.

Jambo la kwanza ni ukali wa tunda, kama ule wa chungwa au pasheni. Husikika ulimini, na mate hutoka. Katika kahawa ya arabika ya milimani ukali huu ni sifa njema, kwa maana tunda hukomaa polepole katika baridi, na punje yake huwa ngumu yenye ladha nyingi.

La pili ni uchungu, kama wa mwarobaini. Uchungu kidogo ni wa asili ya kahawa. Ukizidi, huenda umetokana na moto mwingi au na maji yaliyokaa na unga kwa muda mrefu mno.

La tatu ni utamu. Msitazamie utamu wa sukari. Ni utamu mdogo unaobaki, kama wa muhindi mchanga wa kuchoma.

La nne ni uzito mdomoni. Maji matupu ni mepesi, maziwa ni mazito kidogo, uji ni mzito zaidi. Kahawa nayo ina uzito wake.

La tano ni harufu, pamoja na ladha inayobaki baada ya kumeza au kutema. Kahawa njema huacha kinywa kikiwa safi. Kahawa mbaya huacha kinywa kikitaka maji.

Kuna neno la sita ambalo ni la kosa, nalo ni uchachu. Usiuchanganye na ukali wa tunda. Ukali wa tunda ni wa chungwa lililoiva vizuri. Uchachu ni wa tunda lililooza au wa togwa lililopitiliza siku zake. Wengi wanaoanza kuonja huchanganya haya mawili, lakini baada ya mara tatu au nne hutaweza kukosea tena.

KUKAANGA KWA NAMNA TATU

Sasa tuwashe moto. Kazi hii ifanyike nje au mahali penye hewa, maana moshi wake ni mwingi. Mkaa uwe umeshika vizuri. Pima gramu 100 za punje, uzitie katika kikaango chenye moto, na koroga bila kuacha, kutoka mwanzo hata mwisho. Anayeacha kukoroga ili ajibu salamu atapata punje zilizoungua upande mmoja na mbichi upande wa pili.

Kwanza punje hubadilika kutoka kijani kuwa njano, na harufu yake huwa kama ya nyasi kavu, kisha kama ya mkate. Huo ni unyevu unaotoka. Baada ya dakika nane au kumi hivi, ikiwa moto ni mzuri, mtasikia mlio. Hebu sikilizeni.

(Hapa pasikika mlio wa punje zikipasuka katika kikaango.)

Mmesikia? Ni mlio kama wa bisi. Huu twauita mlio wa kwanza. Mvuke uliokuwa ndani ya punje umeipasua ili kupata njia, na punje yenyewe imevimba. Joto la punje sasa limekaribia nyuzi 200 za Sentigredi. Kutoka hapa kila nusu dakika ina maana.

Fungu la kwanza liondoeni motoni mara tu mlio wa kwanza unapomalizika. Punje zitakuwa na rangi ya kahawia hafifu, inayokaribia gome la mdalasini, na uso wake ni mkavu. Hii tutaiita kahawa iliyokaangwa kidogo.

Fungu la pili, ngojeni kama dakika mbili baada ya mlio wa kwanza kwisha. Rangi imekolea, uso bado mkavu, na harufu imejaa. Hii ni kahawa ya wastani.

Fungu la tatu, endeleeni mpaka mlio wa pili usikike. Huu si kama ule wa kwanza. Ni mwepesi na wa harakaharaka, kama vijiti vikavu vinavyoshika moto. Ngojeni nusu dakika ndani ya mlio huo, kisha toeni. Punje ni nyeusi, na mafuta yameanza kung'aa juu yake. Hii ni kahawa iliyokaangwa sana. Msiende mbele zaidi ya hapo, kwa kuwa punje zaweza kushika moto kweli.

Kila fungu, likishatoka, limwagwe katika ungo na kupepetwa upesi ili lipoe na maganda membamba yaruke. Ukiziacha punje ndani ya kikaango, zitaendelea kuiva kwa joto lake. Zikipoa, zipimeni tena kwa mizani. Gramu 100 zilizokaangwa kidogo zitabaki kama 87. Zilizokaangwa sana zitabaki kama 80 tu. Kilichopotea ni maji hasa, pamoja na sehemu ya punje iliyogeuka hewa na moshi. Anayetaka kuuza kahawa iliyokaangwa asisahau hesabu hiyo anapopanga bei.

Acheni kahawa ilale usiku mmoja kabla ya kuonja. Kahawa iliyotoka motoni ina hewa nyingi ndani yake, nayo huzuia maji yasiingie vizuri katika unga.

Huenda mmoja wenu akauliza: "Mwalimu, je, kahawa nyeusi si ndiyo yenye nguvu zaidi?" Hapana, ndugu. Ni chungu zaidi, lakini kile kinachoondoa usingizi, yaani kafeini, moto haukibadilishi sana. Tofauti kubwa hutokana na aina ya mbuni. Robusta, ambayo ndugu zetu wa Bukoba huilima kwa wingi, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika yetu. Uchungu na nguvu ni mambo mawili mbalimbali.

MAJI NA MWINUKO WETU

Sasa tuzungumze juu ya maji, kwa sababu kikombe cha kahawa karibu chote ni maji. Yawe safi, yasiyo na harufu ya dawa wala ya moshi.

Waonjaji hutumia maji yenye joto la nyuzi 93 hivi. Wengi wetu hatuna kipimajoto, lakini sisi wa milimani tumepata msaada. Maji huchemka kwa nyuzi 100 mahali palipo sawa na bahari, kama mjini Tanga. Kila ukipanda mita 300, hupungua kama nyuzi moja. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400 juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka hapa kwa nyuzi 95 hivi. Katika vijiji vya juu zaidi, vyenye mita 1,900 na kupita, huchemka chini ya nyuzi 94. Basi aliye Lushoto aondoe birika motoni, ahesabu pole pole mpaka thelathini, amimine. Aliye Tanga angoje dakika moja au mbili. Kahawa ile ile ikiandaliwa kwa maji yanayochemka ya Tanga na kwa yale ya Lushoto inaweza kuonekana kama kahawa mbili.

KUANDAA KWA NJIA TATU

Tunazo kahawa tatu. Kila moja tutaiandaa kwa njia tatu, tupate vikombe tisa. Kipimo kiwe kimoja kwa vyote: vijiko viwili vya mezani vya unga, ambavyo ni kama gramu 10, kwa maji mililita 175, yaani nusu ya chupa ya soda ya mililita 350. Tukibadilisha kipimo, hatutajua kama tofauti imeletwa na moto, na njia, au na mkono wa mpishi. Sukari na maziwa vikae kando. Vitarudi baada ya somo.

Njia ya kwanza ni ya mwonjaji. Twanga kahawa iwe chengachenga, kama mchanga wa mtoni. Weka ndani ya kikombe na unuse ikiwa kavu. Mimina maji yote kwa mara moja, usikoroge. Unga utapanda juu ukafanya utando. Ngoja dakika nne. Kisha inamisha uso karibu na kikombe, uvunje utando kwa mgongo wa kijiko, na unuse. Harufu nyingi kuliko zote hutoka wakati huo. Ondoa povu, acha ipoe kwa dakika chache. Halafu chota kwa kijiko, uvute kwa kishindo, kama mtu anayekunywa uji wa moto. Mezani kwa mkwe usifanye hivyo, lakini hapa ni kazi: ule mvuto hutawanya kahawa katika ulimi wote na kupeleka harufu puani. Tema katika bakuli. Rudia ikiwa moto, ikiwa vuguvugu, na ikipoa. Kahawa mbaya huweza kujificha ikiwa moto, lakini ikipoa husema kweli.

Njia ya pili ni ya kitambaa. Kitambaa kichemshwe kwanza katika maji matupu bila sabuni, maana sabuni huacha harufu. Kitandazwe juu ya jagi, unga utiwe ndani yake, uloweshwe kwa maji kidogo, na baada ya nusu dakika maji mengine yamiminwe pole pole. Kazi nzima ichukue kama dakika tatu. Mashapo hubaki juu, na kahawa hushuka ikiwa safi.

Njia ya tatu ni ya kuchemsha. Unga utwangwe laini, utiwe pamoja na maji katika sufuria, uchemke, kisha moto upunguzwe na uendelee kutokota kwa dakika tano. Ipua, acha mashapo yatuame. Hii ndiyo kahawa ya pwani. Watu wa Tanga, Pangani na Unguja huijua katika dele la shaba lililo juu ya mkaa, na vikombe vidogo visivyo na mikono, pamoja na kashata au tende. Waarabu wa Oman nao huchemsha, lakini wengi wao hukaanga kidogo na kutia iliki. Kwa hiyo msidhani kwamba kuchemsha kuna namna moja tu.

Ziko njia nyingine pia. Katika hoteli za mijini kuna mashine inayosukuma maji ya moto kwa nguvu kupita katika unga laini, na kwa nusu dakika hutoa kikombe kidogo kizito. Kuna jagi la kioo lenye kichujio cha kusukuma chini, ambalo kwa kweli ni ndugu wa njia yetu ya kwanza. Na kuna kichujio cha karatasi, ndugu wa kitambaa chetu, ambacho huzuia mafuta mengi zaidi. Waganga wanatuambia kwamba mafuta ya kahawa isiyochujwa huongeza lehemu katika damu ya mtu anayeinywa kwa wingi kila siku. Mwenye taabu hiyo atumie karatasi.

TUTAONA NINI KATIKA VIKOMBE TISA?

Andikeni nambari chini ya vikombe, ili mwonjaji asijue anaonja kipi. Macho husema kabla ya ulimi, nayo mara nyingi hudanganya.

Kahawa iliyokaangwa kidogo, kwa njia ya mwonjaji, itaonyesha ukali wa tunda kwa wazi kabisa, pengine na harufu kama ya maua. Kwa kitambaa itakuwa nyepesi, karibu na chai. Ikichemshwa itakunja uso: ukali na ukakasi vitazidi, na wengi wataikataa.

Kahawa ya wastani itapatana na njia zote tatu. Ukali umepungua, utamu umeongezeka, na uzito umepatikana. Wageni wa kahawa wengi huichagua hii kwa kitambaa.

Kahawa iliyokaangwa sana itakuwa chungu, yenye harufu ya moshi na sukari iliyoungua. Kwa kitambaa ni safi, na ikichemshwa ni nzito, inayostahili kashata. Lakini angalieni jambo moja: ukali wa tunda umetoweka. Yale yaliyotoka katika udongo, baridi na jasho la mkulima yamefunikwa na ladha ya moto.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Moto mdogo hufunua punje; moto mwingi huifunika. Nawaomba mlithibitishe kwa jaribio. Chukueni kahawa mbili za kijiji kimoja. Moja iwe imechumwa nyekundu tu na kuanikwa vizuri. Nyingine iwe ile iliyolala ndani ya gunia kabla ya kumenywa. Kaangeni zote mbili kidogo, kisha zote mbili sana. Zilizokaangwa kidogo, hata mtoto atawaambia ipi ni ipi. Zilizokaangwa sana, tofauti itapungua, na baadhi yenu mtabishana. Sasa mmejua kwa nini mwonjaji wa Moshi hukaanga kidogo. Yeye hatafuti kinywaji cha kumfurahisha, anatafuta habari za punje.

Kwa hiyo mkitaka kuhukumu shamba, kaangeni kidogo na onjeni kwa njia ya kwanza. Mkitaka kunywa, kaangeni mpendavyo. Mwenye kupenda kahawa nyeusi ya dele hana kosa lolote. Kosa ni kuionja hiyo ya dele halafu kudhani umepima shamba.

KUTOKA KIKOMBENI KURUDI SHAMBANI

Ukipata kosa katika kikombe, lifuate nyuma mpaka ulikute lilikozaliwa.

Ladha ya majani mabichi pamoja na ukakasi: huenda matunda yalichumwa kabla ya kuiva. Lakini kwanza hakikisheni kwamba punje zimeiva motoni, kwani punje mbichi ndani huleta ladha hiyo hiyo.

Uchachu, au harufu ya tunda lililooza: matunda yalilala ndani ya gunia, au kahawa ilivundikwa kupita kiasi. Menyeni siku ile ile ya kuchuma. Katika kuvundika msitegemee saa peke yake, kwa sababu katika baridi ya Usambara kazi huchelewa. Shikeni kwa mkono: utelezi ukiisha na punje zikikwaruza kama changarawe, oshe­ni mara moja.

Ladha ya udongo: kahawa ilianikwa chini. Ladha ya ukungu: ilihifadhiwa kabla ya kukauka. Unyevu uwe kati ya asilimia 10 na 12. Kahawa iliyoota ukungu msiionje wala msimpe mtu, maana ukungu mwingine una sumu ambayo kukaanga hakuimalizi yote.

Ladha ya moshi katika kahawa iliyokaangwa kidogo: gunia lilikaa darini, juu ya mafiga. Mahindi yetu hukaa huko vizuri, nao moshi huwafukuza wadudu. Lakini kahawa hunywa harufu. Ukiiweka karibu na moshi, mafuta ya taa au vitunguu, itabeba habari hizo mpaka kwenye meza ya mwonjaji.

Jueni pia kwamba punje moja tu iliyooza yaweza kuharibu kikombe kizima. Ndiyo sababu waonjaji hutengeneza vikombe vitano vya sampuli moja, na kila kikombe husagwa peke yake. Vinne vikiwa vizuri na kimoja kikinuka, wao hawasemi, "Tumekosea." Husema kwamba mzigo umechanganyika. Na ni nani aliyeuchanganya? Katika chama cha msingi cha ushirika kahawa za wakulima wengi huingia katika mzigo mmoja. Jirani aliyechuma nyekundu tu, akaamka usiku kufunika vichanja, na jirani aliyelaza matunda katika gunia, wote watasomewa bei ile ile. Gunia moja lililovunda hula jasho la watu kumi.

Ndiyo maana nashauri kila kikundi kifanye mambo matatu. Kwanza, kabla ya kahawa kuchanganywa, kila mkulima atoe kiganja cha sampuli, ikobolewe, ikaangwe kidogo, ionjwe na wenzake bila kutajwa jina. Pili, pawe na daftari la kuandika tarehe ya kuchuma, saa za kuvundika, siku za kuanika na walichokipata waonjaji. Tatu, wawakilishi wenu waulize katika mkutano wa chama kahawa ya kijiji iliandikwa nini na waonjaji, wala wasiridhike na kuambiwa bei tu.

Sisemi kwamba kuonja peke yake kutapandisha bei. Bei ya kahawa hutegemea pia soko la dunia, ambalo hatulitawali. Lakini mkulima anayejua ladha ya kahawa yake ataweza kurekebisha lililo lake, ataweza kuuliza swali ambalo lina jibu, na hataambiwa tu kwamba mali yake ni mbaya akainamisha kichwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Kuna tofauti gani kati ya ukali wa tunda, uchungu na uchachu? Tajeni chakula kimoja cha hapa kwetu kwa kila neno.
2. Kwa nini mwonjaji wa kahawa hukaanga kidogo, hali wanywaji wengi hupenda kahawa nyeusi?
3. Katika vikombe tisa, kipi kilipendwa na wengi? Je, hicho ndicho kilichoonyesha vizuri zaidi hali ya punje?
4. Mmepata ladha ya moshi katika sampuli moja. Mtafuata hatua gani kujua kama imetoka katika kikaango au katika dari?
5. Jirani analeta kahawa mbaya chamani mara kwa mara. Mtamwambiaje bila kuvunja ujirani?

KAZI YA JUMA HILI

Kila mmoja akaange gramu 100 za kahawa ya shamba lake mwenyewe mpaka mwisho wa mlio wa kwanza, ailaze usiku mmoja, na aionje pamoja na watu wa nyumbani kwake. Akina mama na vijana ambao huchuma na kuosha waanze wao kusema, kwa kuwa wao wanajua kila siku ilivyokwenda. Andikeni maneno matatu tu juu ya mlichokionja, myalete katika kikundi.

Somo la kumi litahusu hesabu za mkulima: gharama, uzito unaopotea, na bei. Vifaa vitakavyohitajika ni kalamu, daftari na stakabadhi za msimu uliopita. Mpaka wakati huo, ndugu wasikilizaji, nawatakia kazi njema na kikombe chema. Kwaherini.